Kila Hadubini Huficha Kitu

Fungua kitabu chochote cha kuanzia mikrobiolojia na sura ya kwanza itakupa orodha: bakteria, akea, fangasi, protozoa, mwani, virusi. Kila jina lina mchoro wake pembeni, na mwanafunzi anatakiwa akariri sifa zao kabla hajagusa sura ya pili. Nimewahi kulifundisha somo hili kwa kufuata orodha hiyo, na siku hizi siifuati tena. Haina uongo ndani yake. Ubaya wake ni kwamba inawapanga viumbe hao kama ndugu wa tumbo moja, ilhali kinachowaweka pamoja ni udhaifu wetu sisi: macho yetu hayawaoni.

Jicho zima huanza kushindwa kitu kikiwa na upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Chochote chenye uhai kilicho chini ya hapo tumekitupa kwenye fungu moja. Humo yumo fangasi, ambaye kiukoo yuko karibu na mimi na wewe kuliko alivyo karibu na bakteria. Humo kimo kirusi, ambacho wataalamu bado hawajamaliza kubishana kama ni kiumbe hai. Na mpaka wenyewe unavuja: mwaka 2022 watafiti walimtangaza bakteria aitwaye Thiomargarita magnifica, aliyekutwa kwenye majani yanayooza ndani ya maji ya mikoko kisiwani Guadeloupe. Seli yake moja, moja tu, hufikia urefu wa sentimita moja, na ndefu zaidi zilikaribia sentimita mbili. Unaiona kwa macho makavu, unaikamata kwa kibanio, na bado ni bakteria.

Ndiyo maana nikiombwa kuyaeleza makundi haya naanzia kwenye vifaa. Kila kundi lina kifaa kilicholitoa gizani, na kila kifaa kilipotoa kundi moja kiliacha jingine nyuma, pengine kwa karne nzima. Ukiufuata mkondo huo unaelewa pia jambo ambalo orodha haikuelezi, yaani kwa nini dawa inayommaliza kiumbe mmoja haimtikisi mwenzake.

Kifaa cha kwanza ni punje ya kioo. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Delft, Uholanzi, na watu wa biashara hiyo walitumia lenzi kukagua nyuzi. Yeye hakuishia kwenye nyuzi. Alijitengenezea lenzi ndogo mno, akazibana kati ya vibamba viwili vya chuma, na chombo kizima kikaenea kiganjani. Bora kati ya zilizosalia hukuza kitu karibu mara 270. Kuitumia ni mateso: unaileta hadi karibu iguse jicho, unageukia mwanga, na kile unachokitazama kimeshikizwa kwenye ncha ya sindano au kimefungiwa ndani ya kibomba chembamba cha kioo. Hadubini za lenzi mbili zilikuwapo tayari, na Robert Hooke wa London alishachapisha mchoro wa ukungu mwaka 1665. Lakini lenzi mbili za zama zile zilizidisha kasoro za kila mojawapo, na kingo za picha zikajaa rangi zisizokuwapo. Punje moja iliyosuguliwa vizuri ilizishinda.

Kilichompeleka kwa bakteria kilikuwa pilipili manga. Alitaka kujua inawasha ulimi kwa nini, akiwaza kwamba huenda chembe zake zina miiba, kwa hiyo akailoweka majini na kuiacha ikae. Alipoyatazama maji yale alikuta viumbe wanaoogelea, wadogo kupita wowote aliowahi kuwaona. Barua yake ndefu ya mwaka 1676 kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, iliwaacha watu na mashaka, na mwaka uliofuata Hooke akalirudia jaribio mbele yao mpaka akawaona na yeye.

Ila waliotangulia kumtokea, miaka miwili kabla, katika maji ya ziwa, walikuwa hasa protozoa. Ndivyo ilivyopasa kuwa. Protozoa ni wakubwa kwa viwango vya ulimwengu huu, na wengi wao wanatembea. Paramecium huweza kufika robo ya milimita. Mwili wake umezungukwa na vinyweleo vinavyopiga maji kwa zamu, na akigonga kikwazo anarudi nyuma, anageuka kidogo, anajaribu tena. Ameba humimina mwili wake kuelekea chakula. Ni seli moja inayowinda, inayomeng'enya, inayotoa taka, na ndani yake mna kiini kilichozungushiwa utando kama kilivyo kwenye seli zetu.

Kutembea huko ndiko kulikomwokoa pia Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Algeria mwaka 1880. Alikuwa akitazama damu mbichi ya mgonjwa wa homa, isiyopakwa rangi yoyote, na katikati ya chembe nyekundu akaona nyuzi zikichapa huku na huku hadi kuzisukuma chembe za jirani. Leo tunajua alichokiona. Kimelea cha malaria kikitoka mwilini, damu ikapoa, seli zake za kiume hudhani zimeshaingia tumboni mwa mbu, na ndani ya dakika kumi hadi ishirini hivi hutoa mikia tayari kwa kujamiiana. Laveran aliwahi wakati huo. Angeikausha damu na kuipaka rangi, kama wengi walivyofanya, angebaki na madoa ambayo kila mtu angeyaeleza anavyotaka. Kazi ya mbu yenyewe ilisubiri hadi mwaka 1897, Ronald Ross alipokikuta kimelea ndani ya mdudu huyo.

Hapo hapo nataka nilalamike kidogo. Neno protozoa limewabeba ameba, kimelea cha malale, Giardia wa kuhara na Plasmodium wa malaria kana kwamba wana undugu wa karibu, na hawana. Plasmodium ana ndani yake mabaki ya kile kiungo ambacho mwani hutumia kutengenezea chakula kwa mwanga, kisicho na rangi ya kijani tena lakini bado kina jeni zake chache na kazi zake. Mababu zake walikuwa karibu na mwani. Kundi hili ni la urahisi wa mwalimu, basi.

Lenzi humwonyesha kiumbe lakini haimtenganishi na wenzake, na hiyo ndiyo kero iliyowatesa watu wa karne ya 19. Louis Pasteur, kwa chupa zake za shingo ndefu iliyopinda, alishaonyesha kwamba supu iliyochemshwa haiozi ikiwa vumbi la hewani halikuifikia. Vijidudu hutoka kwa vijidudu. Sawa, lakini supu iliyooza ina aina nyingi zikiogelea pamoja, na ukitaka kujua ni ipi inayoleta ugonjwa fulani, supu haikusaidii hata ukuze mara elfu moja.

Robert Koch, huko Ujerumani, aliona kwamba dawa ya tatizo hilo ni sehemu ngumu, mahali ambapo seli ikidondoka inabaki pale pale. Alianza na vipande vya viazi, akahamia jelatini. Jelatini ikamwangusha: kwenye joto la mwili wa binadamu inayeyuka, na bakteria wengine wanaila ikageuka maji. Jibu lilitoka kwa Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia mumewe Walther katika maabara ya Koch na aliyekuwa akitumia agari jikoni mwake. Agari hutolewa kwenye mwani wa bahari. Haiyeyuki mpaka ikaribie joto la maji yanayochemka, ikishayeyuka haigandi mpaka ishuke chini ya nyuzi 40 hivi, na bakteria walio wengi hawawezi kuila. Koch aliitaja agari katika maandishi yake ya mwaka 1882 bila kumtaja mama huyo. Miaka mitano baadaye Julius Petri, msaidizi wa Koch, alichapisha muundo wa sahani yenye kifuniko, na jina lake likabaki juu ya kila sahani duniani. Nadhani unaona nani alistahili zaidi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Unachoma kitanzi cha waya mpaka kiwe chekundu, unangoja kipoe, unachota sampuli kidogo na kuipaka ukingoni mwa sahani. Unakichoma tena kitanzi. Unagusa pale ulipopaka na kuburuta mistari michache kuelekea upande wa pili. Unachoma, unaburuta tena kutoka mwisho wa mistari ile. Kila zamu unabeba wachache zaidi, hadi mistari ya mwisho inaangusha seli moja hapa, nyingine kule. Sahani unaigeuza juu chini ili matone ya mvuke yanayoganda kwenye kifuniko yasiidondokee, halafu unaiacha usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi kila seli iliyotua peke yake imekuwa kidoa kinachoonekana, mamilioni ya watoto wa mzazi mmoja. Hicho ndicho tunachokiita koloni.

Mkono ukizoea, unaanza kuwatambua kabla ya kipimo chochote. Serratia marcescens mara nyingi huwa mwekundu. Pseudomonas aeruginosa huitia agari yote ukijani na kutoa harufu tamu, ingawa kunusa sahani ni tabia mbaya ambayo wakongwe wanaifanya na kuwakataza vijana. Proteus hakai kwenye koloni kabisa. Anatambaa sahani nzima kwa mawimbi, na kama sampuli yako ilikuwa na kingine cha maana, pole. Na kabla ya yote hayo agari ilishapikwa kwa mvuke wa shinikizo kwenye nyuzi 121 kwa dakika 15, kwa sababu kuchemsha tu hakutoshi: jamaa ya bakteria wa pepopunda hujifungia ndani ya spora ngumu zinazoweza kuvumilia maji yanayochemka.

Muda nao hutofautiana kupita kiasi. Escherichia coli, akiwa na chakula na joto analolipenda, hugawanyika kila dakika 20. Bakteria wa kifua kikuu huhitaji karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Koch alipotangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amempata msababishi wa kifua kikuu, nusu ya ushindi wake ilikuwa subira: aliacha mirija yake kwenye joto kwa majuma, baada ya muda ambao mtu mwingine angesema hakuna kitu na kuiosha.

Na hapo ndipo sahani inapoanza kuficha. Inamwonyesha yule tu anayekubali kula ulichompa, kwa joto uliloliweka, ndani ya muda uliokuwa tayari kungoja. Bakteria wa ukoma alionekana kwa hadubini na Gerhard Hansen wa Norwei mwaka 1873, miaka tisa kabla ya yule wa kifua kikuu, na mpaka leo hajaoteshwa kwenye chakula chochote cha maabara. Watafiti humkuza kwenye nyayo za panya na kwenye mnyama wa Amerika aitwaye armadilo. Chukua udongo, hesabu seli chini ya hadubini, kisha hesabu koloni kwenye sahani: mara nyingi zinazoota hazifiki hata moja kwa kila mia ulizoziona. Kwa hiyo karatasi ya majibu ikisema hakuna kilichoota, inasema hivyo hivyo ilivyoandikwa. Haisemi hakuna kilichokuwamo, hasa kama mgonjwa alishameza antibiotiki kabla ya kutoa sampuli.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni cha bei rahisi, na kiligunduliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark, alikuwa Berlin mwaka 1884 akichunguza mapafu ya waliokufa kwa nimonia. Alitaka njia ya kuwapaka bakteria rangi ili watofautiane na nyama ya pafu. Aliipata, akaona kwamba baadhi ya bakteria, kama wale wa homa ya matumbo, wanaipoteza rangi hiyo, na akaichapisha huku akikiri kwamba njia yake ina upungufu mwingi. Huo upungufu ndio uliogeuka kuwa kipimo kinachofanywa kila siku katika maabara za dunia nzima.

Unapaka tone la sampuli kwenye kioo, unalikausha, unalipitisha juu ya moto lishike. Unamwaga rangi ya zambarau, unangoja kama dakika moja, unasuuza. Unamwaga iodini, ambayo huungana na rangi ile ndani ya seli na kuwa mabonge makubwa zaidi. Kisha inakuja hatua inayowatoa jasho wanafunzi: spiriti. Ni sekunde chache tu. Ukizidisha, wote wanapauka. Ukipunguza, wote wanabaki zambarau, na jibu lako halina maana. Mwisho unamwaga rangi nyekundu, ambayo iliongezwa baada ya Gram, ili waliopauka nao waonekane. Chini ya lenzi inayogusa tone la mafuta juu ya kioo, kwa ukuzaji wa mara 1,000, uwanja unagawanyika: hawa zambarau, wale waridi. Hapo hapo unaona na maumbo, viduara vilivyoshikana vishada au minyororo, vijiti, na vilivyojipinda.

Siri iko kwenye ukuta. Karibu bakteria wote wamejizungushia ukuta wa peptidoglikani, mchanganyiko wa sukari na vipande vya protini ambao haupo kwenye seli zetu. Wale wa zambarau, Gram chanya, wana ukuta mnene. Spiriti inaukausha, unabana, na rangi inanasa. Wale wa waridi, Gram hasi, wana ukuta mwembamba, na juu yake wamevaa utando wa pili wa mafuta. Spiriti inauchana utando huo na rangi inatoka.

Utando huo wa nje una mambo mawili ambayo daktari hawezi kuyapuuza. Unazuia dawa nyingi zisipite, na molekuli zilizoushona zikimwagika kwenye damu huweza kuuwasha mwili homa na kuuporomosha msukumo wa damu. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliiona mwaka 1928 ikitoka kwa ukungu uliovamia sahani yake, huzuia ujenzi wa ukuta wa peptidoglikani. Bakteria anakua, ukuta haufuatani naye, anapasuka. Sisi hatuna ukuta huo, ndiyo maana dawa hiyo hutuacha salama, mwenye mzio akiwa kando. Lakini Mycoplasma, bakteria anayeweza kuleta nimonia, hana ukuta kabisa. Mpe penisilini unavyotaka. Na wa kifua kikuu amejipaka nta nzito hata rangi za Gram hazimshiki sawasawa. Kwa kawaida yeye hupakwa rangi nyekundu kwa moto, kisha huoshwa kwa tindikali, na akishaishika haiachii.

Fangasi nitawapitia kwa kasi, ingawa hawastahili. Wapo hamira, seli moja moja zinazochipua watoto ubavuni, na wapo ukungu, nyuzi zinazotambaa na kuzaa mbegu za vumbi. Wengine ni vyote viwili: Histoplasma akiwa udongoni ni ukungu, akiingia pafuni kwenye nyuzi 37 anageuka hamira. Seli zao zina kiini, zina mitokondria, yaani vile viungo vidogo vinavyoipa seli nguvu, zimejengwa kwa mpango ule ule wa seli zetu, na hapo ndipo ilipo shida ya tiba. Kila unachotaka kukipiga ndani ya fangasi, mwenye seli inayofanana ni mgonjwa mwenyewe. Dawa nyingi zimebaki kulenga ergosteroli, mafuta ya utando wake yanayochukua nafasi ya kolesteroli yetu, au ukuta wake. Kuna kipimo kimoja ambacho huwa hakinichoshi: unachanganya tone la maji ya uti wa mgongo na tone la wino mweusi. Wino unalijaza eneo lote, na fangasi aitwaye Cryptococcus anatokea kama duara la mwanga lenye seli katikati, kwa sababu amevaa koti nene la sukari ambalo wino hauwezi kuliingia. Unamwona kwa kile asichokiruhusu kumgusa.

Halafu kikaja kifaa kilichogundua kitu kwa kushindwa kukizuia. Charles Chamberland, mwenzake Pasteur, alitengeneza mwaka 1884 kichujio cha kauri chenye vitundu ambavyo bakteria hawapiti. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi alichuja utomvu wa majani ya tumbaku yaliyougua na kukuta kwamba utomvu uliochujwa bado unaambukiza. Mholanzi Martinus Beijerinck akalirudia mwaka 1898 na kuthubutu kusema kwamba kilichopita si bakteria mdogo bali kitu cha namna nyingine, kinachoongezeka ndani ya seli hai peke yake. Alidhani ni kimiminika. Mwaka 1935 Wendell Stanley wa Marekani alikigeuza kuwa fuwele, chembechembe unazoweza kuziweka kwenye chupa, na mwaka 1939 hadubini ya elektroni ikakionyesha: vijiti vyenye urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 18, nanomita ikiwa sehemu moja ya milioni ya milimita. Hadubini ya mwanga isingeweza kuuona unene huo hata lenzi yake iwe bora namna gani, kwa kuwa mwanga wenyewe hautenganishi vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi.

Kirusi ni jeni zilizofungwa ndani ya koti la protini, na baadhi vimeongeza juu yake utando wa mafuta walioupora kwenye seli waliyotoka. Hakina ukuta wa peptidoglikani, hakina ribosomu za kutengenezea protini, hakili. Orodha hiyo ya visivyokuwamo ndiyo orodha ya vitu ambavyo antibiotiki hushambulia, na kwa hiyo kumeza antibiotiki kwa ajili ya mafua ni kumpiga asiyekuwapo. Ule utando wa mafuta, kwa upande mwingine, ni udhaifu: sabuni inaumumunya, na virusi vya korona na vya mafua makali vinakufa nao. Kirusi cha polio hakina utando huo na ni sugu zaidi. Bakteria nao wana virusi vyao, waliotambuliwa na Frederick Twort mwaka 1915 na Félix d'Hérelle mwaka 1917. Wakimwagwa kwenye sahani iliyojaa bakteria, huacha mashimo safi.

Sasa tazama jinsi kichujio nacho kilivyotupofusha. Kwa kuwa virusi viligunduliwa kama vitu vinavyopita, tulizoea kwamba kisichopita si kirusi. Mwaka 1992 ndani ya ameba wa mnara wa kupozea maji mjini Bradford, Uingereza, kulikutwa viduara vilivyoshika rangi ya Gram. Vikaandikwa bakteria na kuwekwa kwenye friza. Hadi mwaka 2003 ndipo ilipotangazwa kwamba ni kirusi kikubwa mno, kikaitwa Mimivirus.

Mwani ningeuruka kama si habari moja. Wanafunzi huonyeshwa diatomu, mwani wa seli moja moja, zenye maganda ya kioo yaliyochongwa kwa ustadi wa ajabu, na kweli ni vizuri kutazama. Lakini mtengenezaji wa chakula kwa mwanga aliye wengi kuliko wote baharini alikuwa hajulikani mpaka miaka ya 1980, timu ya Sallie Chisholm ilipopeleka melini mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya leza. Prochlorococcus, bakteria wa kijani mwenye upana wa mikromita 0.6 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), alikuwa humo muda wote, mara nyingi 100,000 katika mililita moja ya maji. Hadubini zilimpita kwa udogo na ufifi wake. Jamaa za zamani za kundi lake ndio walioanza kuijaza hewa oksijeni, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita.

Kifaa cha mwisho hakina lenzi. Carl Woese, wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliona kwamba kila kiumbe chenye seli kina ribosomu, na kwamba RNA ya ribosomu, molekuli ndefu iliyoandikwa kwa herufi za kikemia kama jeni, hubadilika polepole mno, hivyo ukilinganisha herufi zake kati ya viumbe wawili unapata umbali wa undugu wao. Njia ya wakati ule ilikuwa ya kuchosha: kuipa RNA alama ya mionzi, kuikatakata, kuisambaza kwenye karatasi, kupiga filamu, na kukaa mbele ya madoa ya filamu mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 1977 yeye na George Fox walitangaza kwamba vijidudu vinavyotengeneza gesi ya methani, vilivyohesabiwa miaka yote kuwa bakteria, si bakteria. Ukiwatazama huoni tofauti, wana umbo lile lile na hawana kiini. Lakini hawana peptidoglikani, mafuta ya utando wao yameunganishwa kwa kifungo cha kikemia cha namna nyingine, na ribosomu yao iko mbali na ya bakteria kama iliyo mbali na yetu. Hao ndio akea. Wengi walimcheka Woese kwa miaka.

Akea wamo kwenye tumbo la ng'ombe na kwenye letu, kwenye matope, kwenye maji ya chumvi kali. Methanopyrus kandleri ameoteshwa, chini ya shinikizo kubwa, kwenye nyuzi 122, nyuzi moja juu ya zile tunazotumia kuua kila kitu maabara. Na hadi sasa hakuna akea hata mmoja aliyethibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa binadamu, jambo ambalo nashangaa watu hawashangai zaidi.

Kusoma jeni kuna upofu wake pia. Mwaka 2015 timu ya Thijs Ettema, Uswidi, ilichapisha jeni za akea kutoka tope la chini ya bahari ya Aktiki, karibu na chemchemi za moto ziitwazo Loki's Castle. Ndani yake mlikuwa na jeni ambazo tulizijua kwa viumbe wenye kiini tu, zikiwamo za kujenga kiunzi cha ndani ya seli na za kukunja utando. Bila kumwona hata mmoja, watu walianza kumchora: seli kubwa, yenye vyumba, labda inayomeza wenzake.

Japani, Hiroyuki Imachi na wenzake walikuwa wameshachukua tope lao tangu mwaka 2006, kwenye kina cha zaidi ya mita 2,500. Walilipitisha kwenye sponji zilizoning'inizwa ndani ya mtambo wa methani, ufundi uliotokana na kusafisha majitaka, kisha wakahamisha kidogo kidogo kwenye mirija yenye antibiotiki za kuwazuia bakteria. Kijidudu walichokuwa wakikifuata, akea wa jamaa moja na wale wa Loki's Castle, kilihitaji siku 14 hadi 25 kugawanyika mara moja. Kazi ilichukua zaidi ya miaka 12 na ikachapishwa mwaka 2020. Seli ilikuwa ndogo, kama nusu ya mikromita, haina vyumba vyovyote ndani, inaishi kwa kutegemeana na kijidudu kingine. Ila ilikuwa na mikono mirefu yenye matawi, iliyochomoza nje pande zote, ambayo hakuna aliyekuwa ameiwaza kwa kusoma jeni zake. Imachi na wenzake wanapendekeza kwamba mikono ya namna hiyo ndiyo iliyomnasa bakteria ambaye hatimaye aligeuka kuwa mitokondria yetu. Jeni za jamaa zake zinazidi kusomwa kila mwaka. Waliooteshwa mpaka wakaonekana ni wa kuhesabika.